Simu ya Kambo Ilikula Kuranti ya Nani?

Leo siandiki juu ya mbolea. Mahindi yatakuja mwishoni, munanijua, lakini tuanze na kuranti.

Jioni moja tulikuwa tumeketi nyumbani, kuranti imekatika tangu asubuhi. Leki yangu anazunguka na simu yake yenye asilimia 3, anaomba kila mtu pawabanki, kila mtu anakataa. Kambo akacheka. Yeye alitumika miaka mingi katika kampuni moja ya mine, na nyumba aliyopewa ilikuwa na simu ya mezani, ile nyeusi, nzito, ya kuzungusha namba kwa kidole. Akasema: "Yetu sisi, kuranti ikikatika, telefone inaendelea kulia tu. Na haikukuwa na sharjeri. Hata siku moja sikuisharji."

Leki akauliza: "Sasa, Kambo, kuranti ilikuwa inatoka wapi? Na nani alikuwa analipa?"

Hakuna aliyejibu. Kambo hakujua, papa hakujua, na mimi na lisansi yangu ya agronomi nikajifanya ninaangalia moto wa makala. Swali lilinikaa kichwani wiki nzima. Nikatafuta, nikasoma, nikauliza fundi mmoja mzee wa mambo ya simu. Nilichopata kimenifundisha kitu kuhusu simu ya zamani, lakini kimenifundisha zaidi kuhusu simu hizi tulizo nazo mfukoni leo, na juu ya nani hasa analipa kuranti yake. Jibu si lile nililofikiri.

Waya mbili, na nyuma yake batri kubwa

Simu ya mezani ya kawaida inafungwa kwa waya mbili za shaba tu. Waya hizo nyembamba, mara nyingi unene wake hauzidi nusu milimita, zinatoka nyumbani, zinapita kwenye nguzo au chini ya udongo, mpaka kwenye jengo la kampuni ya simu linaloitwa sentrali. Sisi tunafikiri waya hizo zinabeba sauti peke yake. Hapana. Zinabeba sauti na kuranti pamoja, kwa wakati mmoja, katika waya zilezile.

Ndani ya sentrali kuna batri. Usifikiri batri ya motokari moja. Ni chumba kizima cha batri za risasi na asidi, kila seli volti 2, seli 24 zimefungwa moja nyuma ya ingine: 2 mara 24, volti 48. Hii volti 48 njo inayotumwa kwenye kila nyumba yenye simu. Kuranti ya mji kazi yake ni kusharji batri hizo muda wote. Kuranti ya mji ikikatika, batri zinaendelea kulisha simu kwa masaa kadhaa bila mtu kuhisi kitu, na wakati huo gurupe ya mazutu inawashwa ili izisharji tena. Njo maana simu ya Kambo iliendelea kulia gizani. Nyumba yake haikuwa na kuranti, lakini simu haikuwahi kutegemea kuranti ya nyumba. Kitu chake kilikuwa mbali, kwenye sentrali, na kilikuwa na akiba.

Kuna jambo dogo ambalo watu wa kemia watalipenda. Volti hizo 48 zimefungwa kinyume cha tulivyozoea: upande wa chanya njo unaounganishwa na udongo, na waya inabeba hasi. Kwa nini? Waya za shaba zikilala kwenye udongo wenye maji, upande wa chanya unaliwa na kutu haraka. Ukiweka waya upande wa hasi, shaba inadumu. Wazee walilijua hili zamani, na mpaka leo mafundi wa telekom wanasema "hasi 48".

Simu inakula lini?

Simu ikiwa imewekwa chini, haili kitu, au tuseme inakula kidogo sana hata haihesabiki. Ule mkono wa simu unapokaa mahali pake, unakandamiza kitufe kinachokata njia ya kuranti. Ukiinua mkono, kitufe kinapanda, njia inafungika, na kuranti inaanza kuzunguka: kutoka sentrali, kupita simu yako, kurudi sentrali. Sentrali inahisi hiyo kuranti, inajua huyu anataka kupiga, inamtumia ule mlio wa "tuuuu". Kumbe mlio ule maana yake ni: nimekuona, sema namba.

Kisha unasema. Ndani ya kipaza sauti cha simu za zamani kulikuwa na punje za makaa. Sauti yako inazisukuma na kuziachia, na kila zikisukumwa kuranti inapita vizuri zaidi, zikiachiwa inapita vibaya. Kwa hiyo kuranti inapanda na kushuka sawa na sauti yako, na upande wa pili kipande kidogo cha chuma kinatetemeka vilevile. Hata ule mchezo wa kuzungusha namba ni kuranti: ukizungusha 5, simu inakata kuranti mara tano haraka-haraka, na sentrali inahesabu.

Na kulia je? Kengele ya chuma haiwezi kugongwa na kuranti ndogo ya kusemea. Kwa hiyo, ukipigiwa, sentrali inatuma kuranti ingine kabisa, ya kwenda na kurudi, volti 75 mpaka 90 hivi, mara 20 au 25 kwa sekunde katika nchi nyingi. Ukiwa umeshika waya wazi wakati huo unaruka. Fundi niliyemuuliza alinionyesha kidole chake akasema: "Hiki kimejibu simu nyingi."

Kabla ya mpango huu wa batri moja ya sentrali, mambo yalikuwa mengine. Simu za kwanza zilikuwa na batri yake nyumbani kwa mtu, na mkono wa kuzungusha pembeni kama mashine ya kusaga. Unazungusha, dinamo ndogo ndani inatoa kuranti ya kulia kwa upande wa pili. Batri ikiisha, kampuni inapaswa kutuma mtu nyumba kwa nyumba kuibadilisha. Fikiria mji wenye nyumba elfu! Ilikuwa gharama na kuchoka. Katika miaka ya 1890, Marekani, wakaanza kukusanya batri zote kwenye jengo moja. Ilikuwa rahisi kuangalia batri kubwa moja kuliko kukimbia nyuma ya ndogo elfu. Mpango huo ulikaa zaidi ya miaka mia.

Sasa hesabu: nani alilipa?

Jibu la kwanza ni jepesi: kampuni ya simu njo iliyolipa. Fakitire ya kuranti ya nyumba ya Kambo haikuwa na hata makuta moja ya simu.

Jibu la pili: kampuni yoyote hailipi kitu bila kukirudisha. Kila mwezi mwenye simu alilipa abonema, apige au asipige. Ndani ya abonema kulikuwa na waya, nguzo, mshahara wa fundi, na kuranti. Kwa hiyo mwisho ni mteja njo aliyelipa. Lakini alilipa namna gani? Alilipa pamoja na wengine wote, kwa bei ya jumla, kwa sababu kampuni moja kubwa inanunua kuranti kwa bei ya mkubwa.

Na ilikuwa kiasi gani? Tuhesabu pamoja, hii ni hesabu ya umanite tu. Mtu akisema, kuranti kwenye waya ni kama miliamperi 30. Volti 48 mara amperi 0.03 ni wati 1.44. Tuseme Kambo alisema saa moja kila siku (na Kambo ni msemaji). Kwa mwaka ni masaa 365. Wati 1.44 mara 365 ni karibu wati-saa 525. Yaani nusu ya kilowati-saa, kwa mwaka mzima. Ni ile pasi ya umeme inaweza kula kwa nusu saa tu.

Munishikie hiyo namba: nusu ya kilowati-saa kwa mwaka. Tutairudia.

Najua kuna mtu hapa ameanza kufikiri: kama kuranti ya simu ni ya kampuni, si ningeweza kuiba kidogo niwashe taa, au nisharji simu ya mkononi? Wengine duniani wamejaribu. Shida ni hii. Kati ya batri ya sentrali na nyumba yako kuna vizuizi: vingine vimewekwa makusudi kwenye sentrali, vingine ni urefu wa waya wenyewe. Tuseme jumla ni omu 1,000. Kwa sheria tuliyofundishwa kwenye fizikia, nguvu kubwa kabisa unayoweza kuvuta ni volti 48 mara 48, gawanya kwa mara nne ya 1,000. Unapata wati 0.58. Sharjeri ya kawaida inatoa wati 5 au zaidi. Ungehitaji siku moja na nusu kujaza simu moja ya kisasa, na muda wote huo sentrali inaona kama umeinua mkono wa simu, laini yako inaonekana "okupe", hakuna anayeweza kukupigia. Kwa hiyo hapana faida. Waya ile ilitengenezwa kulisha sauti, si kulisha nyumba.

Kwa nini hatunayo tena?

Kwetu simu ya mezani haikufika kwa watu wengi hata siku moja. Ilikuwa ya ofisi, ya makampuni, ya bakubwa. Ofisi ya serikali ya posta na simu, wakati wa Zaïre iliitwa ONPTZ, baadaye OCPT, leo SCPT, ilibaki na waya za shaba zinazozeeka, na shaba ni mali: mahali pengi duniani waya za simu zinakatwa usiku na kuuzwa kwa kilo. Sisi watu wa Katanga hatuhitaji kuelezwa bei ya shaba.

Katikati ya miaka ya 1980, Kinshasa ilipata simu za mkononi za Telecel, kampuni ya Miko Rwayitare, mojawapo ya rezo za kwanza Afrika. Zilikuwa simu nzito, za watu wachache wenye pesa. Miaka ya 2000 ilipofika, na rezo za GSM zikaenea, mtu wa kawaida aliruka moja kwa moja: kutoka hapana simu mpaka simu mfukoni. Wengi wetu wazazi wetu hawakupita kwenye simu ya mezani. Watu walisherehekea kuruka huko, na ni haki yao. Ila tuliporuka, kuna kitu kilianguka njiani na hakuna aliyekiona.

Kilichoanguka ni ile batri ya sentrali. Tuligeuza mpango: batri ambayo kampuni ilikuwa inaitunza kwenye jengo lake, sasa iko mfukoni mwako, na kazi ya kuijaza ni yako. Kama zamani za mkono wa kuzungusha, kila mtu na batri yake. Na hata yule mtu wa kampuni wa kuja kuibadilisha hayuko tena.

Sasa nirudi kwenye mahindi

Nilipomaliza masomo nilipata kazi ya muda na mradi mmoja wa wakulima, kijiji kimoja mbali na barabara ya lami. Kazi yangu ilikuwa kufuata mashamba ya mahindi. Wakati ule viwavi-jeshi vya Amerika vilikuwa vinatuharibia. Waliofanya agronomi munajua: kiwavi kikiwa kidogo, kabla hakijaingia ndani ya moyo wa mhindi, unaweza kukipiga. Kikishaingia na kujifunika na mavi yake, dawa haimfikii tena. Siku nne au tano zinatosha kupoteza vita.

Asubuhi moja niliona viwavi vidogo kwenye shamba la jirani wa papa mmoja, mkulima mzuri kabisa. Yeye shamba lake lilikuwa upande wa pili wa mto. Nikampigia. Imezimwa. Jioni, imezimwa. Kesho yake, imezimwa. Nikaandika kwenye ripoti yangu maneno ambayo leo yananipa haya: "Hapatikani, hana nia." Nilipomfikia kwa miguu, siku ya sita, majani yalikuwa yametobolewa kama kichujio. Nilimlaumu mbele ya bibi yake. Akanijibu kwa sauti ya chini: "Injinia, simu iko. Moto njo hakuna. Niko nangojea siku ya soko."

Siku ya soko njo siku ya kusharji. Kulikuwa na kijana mwenye gurupe ndogo ya esansi na ubao wenye soketi nyingi, anasharji simu 500 franga kila moja. Nimelipa pale mimi mwenyewe mara nyingi bila kufikiri. Sasa tufikiri.

Simu ya vitufe, ile ndogo yenye batri BL-5C ambayo kila mtu anaijua: miliamperi-saa 1,020 mara volti 3.7 ni karibu wati-saa 3.8. Kuna kiasi kinachopotea kwenye sharjeri, basi tuseme inavuta wati-saa 5 kwenye soketi. Kilowati-saa moja ingejaza simu hizo 200. Kila moja 500 franga: 200 mara 500 ni franga 100,000 kwa kilowati-saa moja. Chukua kwa mfano tu kwamba mtu wa mjini analipa 500 franga kilowati-saa. Huyu papa wa kijijini analipa mara 200 zaidi. Mtu masikini njo anayenunua kuranti ya bei ya juu kuliko wote.

Na sasa ile namba niliyosema munishikie. Papa huyu alisharji mara mbili kwa wiki alipoweza. Kwa mwaka ni mara 104, mara wati-saa 5: wati-saa 520. Nusu ya kilowati-saa! Ni kuranti ileile ambayo simu ya Kambo ilikula kwa mwaka. Kambo hakuiona hata kwenye fakitire. Papa huyu aliilipa franga 52,000, na bado simu yake ilikuwa imezimwa siku viwavi vilipoingia.

Tusimseme kijana wa gurupe kuwa mwizi. Amenunua gurupe, esansi imebebwa kwa pikipiki kutoka mbali, na mashine inakula esansi hata kama kuna simu tano tu kwenye ubao. Bei yake inatokana na njia ndefu na kidogo-kidogo. Kitu chochote ukikinunua kidogo-kidogo kinakuwa ghali: angalia mafuta ya kupika yanayouzwa kwa kafuko.

Na mnara je?

Mutasema: lakini kampuni nazo zinalipa kuranti, minara si inawaka? Kweli. Upande wa kampuni gharama haijaisha, imehamia kwenye minara. Mnara unahitaji kuranti masaa 24, na vijijini ambako hakuna laini ya kuranti unakula mazutu ya gurupe, au siku hizi pano za jua na batri. Mara nyingi mnara wenyewe si wa kampuni yenye jina kwenye kadi yako. Kuna kampuni za minara, kama Helios Towers hapa Congo, zinazokodisha fasi kwenye mnara na kuhakikisha kuranti iko. Mazutu inasafiri kwenye barabara mbaya, walinzi wanalipwa, fundi anapanda. Yote hiyo inaingia katika bei ya unite unayonunua. Kwa hiyo kila ukisema "alo", unalipa kuranti mara mbili: ile ya mnara ndani ya unite, na ile ya batri yako kwenye soketi.

(Kitu cha kuchekesha: vyombo vya kwenye mnara vinakula volti ngapi? Hasi 48. Urithi wa simu ya Kambo haukufa, umepanda tu juu ya mnara.)

Kuna jambo lingine ambalo wengi hatujui. Nguvu ambayo simu inatuma nayo inategemea umbali wake na mnara. Ikiwa karibu, inasema kwa sauti ndogo. Ikiwa mbali, inapiga kelele: simu ya GSM inaweza kutoa mpaka wati 2 kwa kila mdundo inaotuma. Na ikipoteza rezo kabisa, inatafuta na kutafuta, batri inashuka hata hujasema neno. Kwa hiyo batri ileile moja inadumu siku nyingi mjini na siku chache kijijini. Mtu wa kijiji analipa kuranti ghali zaidi na anaimaliza haraka zaidi. Mimi niliandika "hana nia". Fizikia ilikuwa inamla pande zote mbili.

Hata wazungu sasa wanarudi kwenye swali letu

Musifikiri shida hii ni yetu peke yetu. Uingereza wanaondoa simu za shaba, tarehe ya mwisho waliyoweka ni Januari 2027. Ufaransa, kampuni Orange inafunga rezo yake ya shaba hatua kwa hatua mpaka 2030. Badala yake simu inapita kwenye intaneti, kwa fibri, ule uzi wa kioo. Kioo kinabeba mwanga vizuri sana, lakini hakibebi kuranti. Kwa hiyo simu ya nyumbani sasa inafungwa kwenye boksi ya intaneti, na boksi inafungwa kwenye soketi ya ukuta. Kuranti ikikatika, boksi inazima, na simu inazima. Kuranti yake? Mwenye nyumba analipa.

Kule Uingereza walilisikia vibaya. Baada ya dhoruba kubwa za mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022 kukata kuranti sehemu nyingi, kampuni BT ilisimamisha kwa muda kuhamisha wateja wake, maana wazee walikuwa na hofu: nikianguka nyumbani usiku kuranti haiko, nitaita msaada na nini? Sheria yao inataka mtu anayetegemea simu hiyo peke yake apewe njia ya kuita msaada kwa angalau saa moja wakati wa giza. Saa moja! Sisi tunaojua kukatika kwa siku tatu tunaweza kucheka kidogo. Lakini angalia: kule kuna mtu aliyeuliza "nani anabeba mzigo wa kuranti?", na ikaandikwa jibu, hata kama ni dogo. Kwetu mzigo ulihama kutoka kampuni hadi mfukoni mwa mkulima, na hakuna aliyeuliza.

Tufanye nini, sisi tuliosoma?

Siwezi kujenga sentrali. Lakini haya machache nimeyajaribu au nimeyaona:

Kwanza, wale watakaofanya kazi na wakulima, iwe staje, TFC au mradi: kabla ya kuandika "tutawasiliana kwa simu", uliza simu inasharjiwa wapi, siku gani, kwa bei gani. Panga ujumbe wako muhimu ufike siku ya soko jioni, wakati simu zimejaa. Na kila mtaa uwe na watu wawili wa kupokea habari, si mmoja.

Pili, hesabu ya jua. Pano ndogo ya wati 10, kwa masaa manne ya jua zuri, inatoa wati-saa 40. Toa yanayopotea, bakisha 30. Ni simu za vitufe sita kwa siku. Kikundi cha familia 12 kinaweza kusharji kila mtu siku moja baada ya ingine, hakuna anayelipa 500. Kwa franga 52,000 za mwaka mmoja za kila familia, familia 12 ni 624,000. Hesabuni wenyewe kama pesa hiyo haitoshi pano, batri na yule atakayeitunza. Shida si pesa kukosekana, shida ni kwamba inatoka kidogo-kidogo na kila mtu peke yake.

Tatu, fundisha mambo madogo: fasi isiyo na rezo, zima simu au uiweke hali ya ndege, uiwashe masaa mliyopatana. "Nipigie saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni" ni mpango unaookoa batri zaidi ya pawabanki.

Nne, pale kijijini pakiwa na mnara wenye kuranti yake, kijiji kina haki ya kuuliza kama ziada yake inaweza kufika kwenye kibanda cha kusharji. Katika nchi kadhaa za Afrika imejaribiwa. Ni swali la kuweka mezani wakati wanakuja kuomba kiwanja cha kujenga mnara, siyo baadaye.

Sikumaliza hadithi. Msimu uliofuata tulifunga pano moja pale kwa papa yule, kwa mchango wa majirani. Siku ya kuifunga alisharji simu yake, akanipigia nikiwa nimesimama mita tatu kutoka kwake. Akasema: "Alo, Injinia? Niko." Watu wakacheka sana. Mimi nilikumbuka ile ripoti yangu.

Nilipomweleza Kambo mambo haya yote, ya volti 48 na batri za sentrali, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Kumbe miaka yote ile walikuwa wanatulipia?" Nikamjibu hapana, Kambo, mulikuwa munalipa, ila mulikuwa munalipa pamoja.